Uzi: Taa ndogo za jukwaa za volti 12, pale ambapo balbu, transfoma na dima havipatani

Mwalimu wa Maigizo

Wakuu, nawasalimu nyote.

Nasimamia ukumbi mdogo wa maigizo hapa Dar es Salaam, wenye viti themanini na jukwaa lenye upana wa mita sita. Tunazo taa ndogo kumi na mbili zinazotumia balbu za MR16 (zile ndogo zenye kioo cha kuakisi) za volti 12, wati 50. Ni vikopo vyeusi vya bati ambavyo urefu wake haufiki shubiri, na kila kimoja kina transfoma yake. Dari letu liko chini sana, kwa hiyo taa kubwa hazina pa kukaa, ilhali vikopo hivi hujificha hata nyuma ya boriti na bado vikatoa duara safi la mwanga usoni mwa mwigizaji.

Mwezi uliopita tuliondoa balbu zote za halojeni tukaweka za LED za wati 6, zenye miguu ileile, na kwenye boksi pameandikwa kwamba zinakubali kufifishwa. Tangu hapo hatujapumua. Tamthilia yetu inamalizika kwa mama anayesoma barua akiwa ameketi ukingoni mwa jukwaa, na mwanga unatakiwa umwondoke taratibu kwa sekunde arobaini. Sasa ukishusha kitelezi cha dima, yaani kifaa cha kufifisha mwanga, hadi karibu robo, mwanga unaanza kutetemeka, taa mbili zinawaka na kuzima zenyewe, kisha zote zinakatika ghafla mama akiwa bado katikati ya sentensi. Isitoshe, transfoma mbili zimeungua. Moja ilitoa harufu ya vanishi wakati watazamaji wameshaketi.

Tulipouliza dukani tuliambiwa kwamba dima yetu imechoka na tununue nyingine. Kabla sijatumia fedha ambazo kikundi hakina, naomba kuelewa: tatizo ni balbu, ni transfoma, au ni dima?

Fundi Mstaafu

Mwalimu, ahsante kwa kueleza kwa utaratibu. Jibu langu ni kwamba, ukiacha zile transfoma mbili zilizoungua, huenda hakuna kilichoharibika. Ulichonacho ni vitu vitatu vizima ambavyo havikuumbwa vifanye kazi pamoja. Kwenye taa za volti ndogo, dima, transfoma na balbu ni kifaa kimoja kilichogawanywa katika maboksi matatu, na ukibadilisha kimoja umebadilisha vyote.

Nianze na balbu, kwa sababu ndiyo sababu ya taa hizi kuwapo. Chukua balbu mbili za wati 50, moja ya volti 230 na nyingine ya volti 12. Ya kwanza hupitisha ampea 0.22 tu, kwa hiyo filamenti yake ni nyembamba na ndefu, imekunjwakunjwa ili ienee. Ya pili hupitisha ampea zaidi ya 4, hivyo filamenti yake ni nene na fupi, karibu nukta moja. Nukta hiyo ikikaa mahali sahihi ndani ya kioo cha kuakisi, mwanga hutoka kama mshale. Ndiyo maana MR16 yenye upana wa milimita 50 inaweza kutoa mwale wa nyuzi 12 ambao taa ya volti 230 yenye ukubwa huo haiupati. Unene huo pia huifanya istahimili mtikisiko, na huifanya ipoe polepole, kwa hiyo inapofifishwa haitetemeki hata dima ikiwa ya kawaida kabisa. Kumbe kilichokuwa kinaficha kasoro zote za mfumo wenu ni ule unene wa filamenti. Mlipoweka LED, ambayo huitikia kila mkwaruzo wa umeme papo hapo, kasoro zikajitokeza.

Sasa dima. Umeme wetu wa hezi 50 una mawimbi ambayo kila nusu yake huchukua milisekunde 10. Dima nyingi za jukwaa hutumia traiaki au thairista, ambazo ni swichi za kielektroniki: kila nusu wimbi linapoanza, hufunga njia kwa muda, kisha hufungua kwa ghafla na kuruhusu sehemu iliyobaki ipite. Hii ndiyo dima ya kukata mwanzo wa wimbi. Ipo aina nyingine, inayotumia transista, ambayo huruhusu wimbi lianze vizuri kisha huukata mwisho wake. Mtu akiziona kwa nje hawezi kuzitofautisha, lakini transfoma inazitofautisha vizuri sana.

Transfoma nazo ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya koili na mabati, nzito mkononi, na hiyo inapatana na dima ya kukata mwanzo. Ya pili ni ya kielektroniki, nyepesi, unaibeba kwa vidole viwili. Nyingi za aina hii hutaka dima ya kukata mwisho, ingawa zipo zinazokubali zote mbili, na hilo huandikwa kwenye kibandiko chake. Tazama pia kama kimeandikwa kitu kama "20–60 VA". VA hapa ichukulie kama wati: maana yake ni kwamba chini ya wati 20 haiwezi kufanya kazi kwa utulivu. Wewe umeipa balbu ya wati 6. Inawaka, inaona hakuna mzigo, inazima, inajaribu tena. Hapo ndipo kutetemeka kunapotoka.

Naomba upande ngazi, usome vibandiko vyote kumi na mbili, urudi utuambie.

Mwalimu wa Maigizo

Mzee wangu, nimepanda. Saba ni nzito, za koili. Tano ni za kielektroniki, na zote tano zimeandikwa 20–60 VA kama ulivyosema. Mbili zilizokuwa zikiwaka na kuzima zenyewe ni miongoni mwa hizo tano. Lakini zilizoungua, ambazo nimezihifadhi kwenye kasha, zote mbili ni za koili. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa kuwa umesema hizo ndizo zinazopatana na dima yetu.

Fundi Mstaafu

Umefanya vizuri kuzihifadhi. Kabla ya kuungua, je, balbu zilizokuwa kwenye transfoma hizo zilikuwa zimekufa, au zimetolewa?

Mwalimu wa Maigizo

Moja ilikuwa imetolewa, kwa sababu holda yake ililegea na tukasema tutaitengeneza baadaye. Nyingine sina hakika.

Fundi Mstaafu

Basi hiyo ndiyo sababu, na naiona mara nyingi. Transfoma ya koili ikiachwa bila balbu huku dima ikiendelea kuilisha, huwa ni koili tupu. Traiaki inahitaji mkondo wa kiasi fulani ili ibaki wazi baada ya kufunguliwa, na koili tupu haiupi. Matokeo yake hufunguka kwenye nusu moja ya wimbi na kushindwa kwenye nusu ya pili. Nusu zikishapishana hivyo, ndani ya umeme panakuwa na sehemu inayokwenda upande mmoja tu kama umeme wa betri, na mabati ya transfoma hujaa sumaku upande mmoja. Mabati yakishajaa, koili haizuii tena mkondo, inabaki kama waya wa kawaida. Utasikia mvumo mzito, kisha joto, kisha ile harufu ya vanishi.

Balbu za LED zinaleta hatari hiyohiyo hata zikiwa nzima. Balbu sita za wati 6 kwenye chaneli moja, yaani njia moja ya dima, ni wati 36 tu, tena LED haivuti umeme kwa ulaini, inaudonoa kwa vipande vifupi. Kwa hiyo mambo matatu. Holda isiyo na balbu, chomoa plagi ya transfoma yake siku hiyohiyo. Fyuzi ya upande wa volti 230 iwe inayolingana na transfoma, si ya ampea 13 iliyokuja na plagi. La tatu, kwenye chaneli inayolisha transfoma za koili, unganisha kwa sambamba balbu moja ya kizamani ya filamenti, ya wati 60 au 100, ya volti 230, ukaiweke nyuma ya jukwaa ndani ya kasha la bati lenye matundu ya hewa, mbali na mapazia. Mimi huiita msindikizaji. Kazi yake ni kuipa traiaki mkondo wa kuishikilia. Mwanga wake hauna anayeuhitaji.

Kijana wa Sauti na Taa

Wakuu, shikamooni. Mimi niko Nairobi, nafanya kazi hii kwenye kumbi za shule na makanisa. Naheshimu maelezo ya Mzee, lakini nadhani tunamsaidia Mwalimu kuendelea kuishi na mfumo ambao umepitwa na wakati. Taa kumi na mbili za halojeni ni wati 600. Kumi na mbili za LED ni wati 72. Umeme ukikatika, wati 72 nitazilisha kwa betri moja ya volti 12, ampea-saa 100, na kipindi chote kiishe, tena bila kuishusha chini ya nusu. Wati 600 kwa betri hiyohiyo, ukiishusha hadi nusu, ni saa moja tu, na hapo hujahesabu hasara ya inveta.

Ninachokubaliana naye ni kwamba balbu ya LED ya kuchomeka mahali pa MR16 si njia nzuri kwenye jukwaa. Ndani ya kile kikopo kidogo pamebanwa diodi, kapasita na saketi inayojaribu kukisia dima inataka nini. Njia safi ni taa ya LED yenye dereva wake, yaani saketi inayoilisha umeme, inayopokea umeme kamili muda wote, na amri ya kufifia ifike kwa waya tofauti wa DMX512, mfumo wa kidijitali wa kuamuru taa za jukwaa. Umeme hausumbuliwi na dima yoyote. Ila mnunuzi aangalie jambo moja: chaneli moja ya DMX ina ngazi 256 tu. Ukiwa juu hazionekani, lakini ukishuka kuelekea gizani macho huziona moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi za mawe. Taa inayotumia chaneli mbili kwa ajili ya mwanga mmoja ina ngazi 65,536, na hapo sekunde arobaini za Mwalimu zitateleza. Tena aulize LED inafifishwa kwa kuwashwa na kuzimwa mara ngapi kwa sekunde. Zikiwa mia chache, simu za watazamaji zitarekodi mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha.

Fundi Mstaafu

Marahaba, kijana wangu. Umeeleza vizuri na sina la kupinga katika hesabu zako. Kwa taa za kuangaza jukwaa zima, na kwa onyesho ambalo umeme haukuhakikishwa, ningenunua LED zenye dereva wake leo hii.

Lakini turudi kwa yule mama na barua. Halojeni inapofifishwa haipungui mwanga tu, inabadilika rangi. Ikiwa juu ni nyeupe yenye joto, karibu kelvini 3000. Ikishuka inakuwa ya manjano, kisha ya chungwa, na mwisho nyekundu kama kaa linalozimika jikoni. LED ya kawaida hubaki na rangi ileile hadi mwisho, kwa hiyo uso wa mtu unakuwa kijivu kabla ya giza. Zipo LED zinazoiga mabadiliko hayo, na nyingine zinaiga vizuri, ila bei yake kwa kikundi kidogo si rafiki. Kwa maoni yangu Mwalimu asizitupe zile halojeni alizoziondoa. Abakishe nne kwa ajili ya nyuso, kwenye transfoma za koili.

Na hapo niseme kuhusu nyaya, kwa sababu nahisi mwanga wake ulikuwa umefifia hata kabla ya LED. Mwalimu, transfoma zimekaa wapi?

Mwalimu wa Maigizo

Zote ziko chini, kwenye rafu karibu na dima, ili tuzifikie kwa urahisi. Kutoka hapo tumevuta waya wa milimita za mraba 1.5 hadi kwenye bomba la juu, kama mita 12 kwa kila taa.

Fundi Mstaafu

Nilidhani hivyo. Waya wa 1.5 una ukinzani wa omu 0.012 hivi kwa kila mita. Mita 12 kwenda na 12 kurudi ni omu 0.29. Kwenye volti 230, taa ya wati 50 ingepoteza volti 0.06 tu humo, jambo ambalo hata hulioni. Kwenye volti 12, mkondo ni ampea 4.1 hivi, na unapoteza karibu volti 1.2. Transfoma ikitoa 11.9, balbu inapata 10.7. Na mwanga wa filamenti haushuki sawa na volti. Hushuka kwa kasi zaidi ya mchemraba wa volti. Umepoteza karibu theluthi moja ya mwanga wako ndani ya waya, na balbu inawaka ya manjano hata kitelezi kikiwa juu kabisa.

Zipandishe transfoma kwenye bomba, kila moja ikae kando ya taa yake, mita moja au mbili tu za waya wa volti 12, na iwe na mnyororo wake wa usalama kama taa yenyewe. Volti 230 ndiyo isafiri safari ndefu. Ukitaka kuhakikisha, pima kwenye miguu ya balbu huku inawaka, kitelezi kikiwa juu kabisa. Multimita za bei nafuu hudanganyika mawimbi yakishakatwa na dima, na kwenye transfoma za kielektroniki hazisomi sawasawa hata kidogo, kwa sababu hizo hutoa umeme wa makumi ya maelfu ya hezi.

Kijana wa Sauti na Taa

Naomba kuongeza kinyume chake, Mzee. Huku kwetu umeme ni volti 240, na transfoma nyingi tunazouziwa zimesukwa kwa 230. Balbu inapata 12.5. Nilikuwa nabadilisha balbu mara kwa mara nikidhani ni feki.

Fundi Mstaafu

Huenda hazikuwa feki. Uhai wa filamenti hupungua kwa kasi ya kutisha volti ikizidi: asilimia 5 tu ya ziada huondoa karibu nusu ya saa zake. Weka kikomo kwenye meza ya kuendeshea taa ili chaneli hizo zisivuke asilimia 95, na hakuna mtazamaji atakayeona tofauti. Kwa hiyo pia nawaonya wanaounganisha balbu za halojeni za volti 12 moja kwa moja kwenye betri iliyo kwenye chaja: betri ikifika volti 14.4, uhai wa balbu unabaki kama sehemu moja ya kumi.

Mgeni wa Mwanza

Samahani kwa kuingilia, wakuu. Kuna fundi amenishauri niachane na transfoma kabisa, niunganishe balbu 20 za volti 12 kwa mfuatano, zilishwe na umeme wa ukutani kupitia dima. Je, ni kweli?

Fundi Mstaafu

Ni kweli kwamba zitawaka na zitafifia vizuri sana, kwa sababu dima itaona mzigo wa filamenti tupu. Volti 230 ikigawanywa kwa 20 ni 11.5 kwa kila balbu. Zipo taa za safu zilizotengenezwa kiwandani kwa njia hiyo, zikiwa zimefungwa ndani ya bati lenye ethi.

Lakini usifanye kwa mikono yako na holda za volti 12. Balbu moja ikikatika, zote zinazima, na mtu atapanda ngazi kuitafuta. Akiitoa, kati ya pande mbili za holda ile tupu pana volti 230 kamili, ingawa kibandiko kinasema 12. Plastiki na waya wa holda hizo huenda havikutengenezwa kuzuia volti hizo. Balbu zote pia lazima ziwe za wati sawa na aina moja. Ukichanganya ya wati 35 na za wati 50, ile ya 35 itabeba volti nyingi kuliko wenzake na itakufa kwanza. Ndugu yangu, nunua transfoma.

Mwalimu wa Maigizo

Wakuu, narudi na taarifa baada ya wiki tatu.

Transfoma za koili tano zilizobaki nzima tumezipandisha kwenye bomba. Nne zinalisha halojeni za nyuso, ya tano ni ya akiba. Kwenye miguu ya balbu sasa napata volti 11.8. Tulipoziwasha mara ya kwanza, mwigizaji wetu aliinua mkono kukinga macho, akauliza kama tumenunua taa mpya. Zile za kielektroniki tumeziondoa kwenye dima. LED nane zenye dereva na DMX tutazinunua mbili mbili kadiri ya uwezo, na kwa sasa tunazo mbili. Msindikizaji wa wati 60 yuko kwenye kasha la bati nyuma ya pazia la kushoto, na watoto wa kikundi wameshamzoea kwa jina hilo.

Tuligundua pia kwamba vikopo vyetu havina kioo wala wavu mbele, na baadhi ya halojeni za zamani zilikuwa wazi bila kioo chake. Tumetumia zenye kioo tu, tukazishika kwa kitambaa safi.

Juzi tulifanya mazoezi ya mwisho. Mama alisoma barua, nikashusha kitelezi kwa sekunde arobaini nikihesabu kimoyomoyo. Uso wake ukageuka wa manjano, kisha wa chungwa, na kitelezi kilipogusa sifuri bado ndani ya kikopo palionekana kijiuzi chekundu kwa kitambo kidogo kabla ya giza.

Limebaki moja. Transfoma ya nne inavuma kila inapofika katikati ya kitelezi, sauti inasikika hadi safu ya tatu. Joto lake ni la kawaida.

Fundi Mstaafu

Nimefurahi mno, Mwalimu. Katikati ya kitelezi ndipo wimbi linapokatwa likiwa kwenye kilele chake, kwa hiyo mvumo huwa mkubwa hapo. Kwa kuwa haipati joto, chomoa umeme, kaza skrubu zinazoshika mabati yake, kisha weka kipande cha mpira kati yake na bomba, kwa sababu mara nyingi bomba ndilo linaloikuza sauti. Ikiendelea, badilishana na ile ya akiba.